Binadamu na wanyama wengine: mtazamo upi wa kianthropolojia uuchague? Zana, lugha, moto, bibi, alama, undugu, kujifunza

Wadau, hasa wadogo zangu mnaosoma sosholojia na anthropolojia hapa Dodoma, UDOM na St John's, na wale wanaojiandaa kuwa maguide wa Kondoa, hili swali la nini kinamtofautisha binadamu na wanyama wengine halikwepeki. Litakuja kwenye asaimenti, litakuja kwenye propozo, na mtalii naye atakuuliza mkiwa mmesimama mbele ya mchoro. Watu wengi wanajibu "akili" alafu wanaona wamemaliza. Sasa akili ipi? Kunguru ana akili, tembo ana akili, mbwa wa jirani anajua saa ya kula kuliko wewe. Wanaanthropolojia wamebishana miaka mingi wakatoa mitazamo kadhaa, na kila mmoja una nguvu zake na unapovujia, kwahiyo nimeona niiweke pembeni kwa pembeni ili anayetaka kuchagua achague akiwa anajua anachobeba.

Mi nazipima hivi. Kwanza naangalia huo mtazamo ukikutana na wanyama walivyo kweli porini unasimama au unaanguka. Pili nauliza kuna binadamu gani anayeachwa nje tukiukubali. Tatu, je mtu wa kanda ya kati anaweza kuufanyia kazi hapa hapa au itabidi anukuu tu vya wenzie. La pili ndio ninalolipa uzito kuliko yote na sioni aibu kusema hivyo. Mwaka 1906 huko New York kijana mmoja kutoka Kongo, Ota Benga, aliwekwa kwenye banda la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx watu wakamiminika kuja kumwangalia, na waliofanya vile walikuwa na nadharia kichwani kuhusu nani yuko upande gani wa mstari. Ukichora mpaka kati ya binadamu na mnyama jua kabisa kuna siku mtu atautumia kumsukuma binadamu mwenzake ng'ambo.

Zana na lugha

Hizi mbili naziweka pamoja maana ndio majibu ya kizamani na zote zinamwangalia mtu mmoja mmoja na anachoweza kufanya.

Zana ilikuwa na nguvu sana katikati ya karne iliyopita. Kenneth Oakley wa Uingereza alimtambulisha binadamu kama mtengeneza zana, na Olduvai ikampa nguvu, mawe yaliyochongwa, alafu fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale anayefanana na mtu, mwaka 1959, na mwaka 1964 wakina Louis Leakey, mtafiti wa mabaki ya kale, wakatangaza Homo habilis, yaani mtu fundi. Ila katikati ya hizo sherehe, mwaka 1960, Jane Goodall akiwa Gombe kule Kigoma akamwona sokwe aliyempa jina la David Greybeard anachomeka bua la nyasi kwenye kichuguu anavua mchwa anakula, na akaona sokwe wanachukua kijiti wanakipukutisha majani kwanza kabla ya kukitumia. Kupukutisha majani ni kutengeneza. Leakey aliposikia akajibu kwamba sasa itabidi tubadili maana ya zana, au tubadili maana ya mtu, au tuwakubali sokwe kuwa watu. Yaani mtazamo ule umeanguka ndani ya nchi hii hii uliokuwa umepata ushahidi wake. Baadae yakaja na mengine, kunguru wa New Caledonia wanaotengeneza ndoano za vijiti, sokwe wa Ivory Coast ambao mawe yao ya kupasulia kokwa yamechimbwa yakakutwa na umri wa zaidi ya miaka 4,000.

Anayeutetea leo anasema sawa, sokwe anatengeneza zana, lakini hatengenezi zana ya kutengenezea zana nyingine. Kuna ukweli hapo. Ila ni ule mtindo wa kusogeza goli kila mpira ukiingia, na mimi kwenye asaimenti nisingeusimamia peke yake.

Lugha ni ngumu zaidi kuiangusha. Nyuki anamwelekeza mwenzie maua yaliko kwa kucheza, Karl von Frisch alipewa Nobel ya 1973 sababu kubwa ikiwa hiyo. Tumbili wa Amboseli, Kenya, wana mlio wa chui, mlio wa tai na mlio wa nyoka, na wenzao wakisikia wanakimbilia mtini, wanatazama juu au wanasimama kukagua nyasi kulingana na mlio. Sokwe Washoe alifundishwa ishara nyingi za mikono Marekani kuanzia 1966. Lakini hakuna tumbili anayesimulia chui wa juzi, wala anayesema "chui hayupo, nilikuwa nawadanganya tu". Kuongelea ambacho hakipo, kilichopita, kisichowezekana, na kuunganisha maneno machache kupata sentensi ambayo haijawahi kusemwa na mtu, hapo bado tuko peke yetu kwa kadiri ushahidi ulivyo. Jaribio la Nim, sokwe mwingine wa Marekani, liliishia 1979 kwa Herbert Terrace kusema kwamba kilichoonekana kama sentensi kwa sehemu kubwa kilikuwa kuiga na kuomba chakula.

Kwahiyo kipimo cha kwanza lugha inapita vizuri. Kinachonisumbua ni cha pili. Wasafiri wa Kizungu waliofika Cape karne ya 17 waliisikia lugha ya Wakhoikhoi yenye vidoko, zile sauti za kugonga ulimi, wakaifananisha na kelele za bata mzinga, alafu wakaendelea kuwatendea watu wale kulingana na hicho walichosikia. Wasandawe wetu wa Chemba na Wahadzabe wa Eyasi wana lugha zenye vidoko pia. Na mtu asiyesikia je? Lugha ya Alama ya Tanzania ni lugha kamili yenye sarufi yake, kwahiyo ukiamua kusimama na lugha hakikisha unaandika lugha, usiandike "kuongea", hiyo ndio tofauti kati ya asaimenti nzuri na ya hovyo. Bado hata hivyo mtoto mchanga hana lugha, mzee aliyepoteza maneno baada ya kiharusi hana lugha, na hakuna mtu wa akili timamu atakayesema hao sio binadamu.

Moto na bibi

Hapa ndio patamu, na hapa kanda ya kati imo ndani kabisa, maana mitazamo yote miwili inawategemea Wahadzabe na yote inaanzia kwenye kitu kimoja, mizizi ya kuchimba.

Mtazamo wa moto ni wa Richard Wrangham, mwanaanthropolojia wa Harvard, Marekani. Anasema kilichotufanya tulivyo ni kupika. Chakula kilichopikwa kinatoa nguvu nyingi zaidi, kinatafunika haraka, kwahiyo meno yakapungua, utumbo ukapungua, ubongo ukapata nafasi ya kukua, na anaona mabadiliko hayo kwa Homo erectus, binadamu wa kale, karibu miaka milioni 1.9 iliyopita. Sokwe anatumia masaa mengi ya siku kutafuna tu, mgogo akila ugali na mlenda anamaliza anarudi kazini. Kwa wanyama mtazamo huu unasimama imara, hakuna jamii ya wanyama inayowasha moto na kupika, na hakuna jamii ya watu isiyopika. Tatizo liko kwenye udongo. Ushahidi mzuri wa moto uliotumiwa na watu, kama ule wa pango la Wonderwerk Afrika Kusini, uko kwenye miaka milioni 1 hivi. Katikati hapo kuna pengo kubwa mno na Wrangham analijaza kwa kusoma miili, mifupa na meno, sio majivu. Wengine wanaridhika, mimi bado.

Mtazamo wa bibi ulitokana na Kristen Hawkes na wenzake James O'Connell na Nicholas Blurton Jones waliokaa na Wahadzabe kuanzia miaka ya 80. Walienda wakiwa na ile picha ya kawaida, kwamba mwanaume anawinda, analeta nyama, familia inakula. Wakakuta nyama inakuja kwa kubahatisha na ikija inagawiwa kambi nzima, wakati kinachomfikia mtoto kila siku ni kile wanawake wanachochimba na kuchuma, na wachapakazi wakubwa kwenye kuchimba mizizi walikuwa kina mama wazee walioacha kuzaa zamani. Mama akiwa na kichanga kipya kazi yake inapungua, na yule mtoto aliyeachishwa ziwa anakua vizuri kutegemea na bibi anachimba kiasi gani. Kutoka hapo wakajenga hoja: binadamu mwanamke anaishi miaka mingi baada ya kuacha kuzaa kwa sababu bibi waliosaidia wajukuu waliacha wajukuu wengi zaidi. Sokwe jike anazaa kila baada ya miaka 5 hivi kwa sababu anabeba mzigo peke yake, wala haachii kichanga chake kushikwa na wengine miezi ya mwanzo, binadamu kwenye jamii za wawindaji anazaa kila baada ya miaka 3 mpaka 4 akiwa bado ana wadogo mkononi, na anaweza kwa sababu kuna mikono mingine. Sarah Hrdy akaipanua hoja, sio bibi tu, kuna shangazi, dada wakubwa, baba, majirani.

Nadhani mnaona kwanini nauegemea. Hapa Dodoma ni watoto wangapi wanakaa kwa bibi Mpwapwa au Bahi mama yuko Dar anatafuta? Mtu anaona ni shida ya maisha ya siku hizi tu kumbe inawezekana mpango wenyewe una umri kuliko Homo sapiens. Na kwenye kipimo cha pili bibi anapita kwa namna ambayo zana na lugha hazipiti, maana hapa kichanga asiyejua kitu ndio kiini cha habari yote na mzee ambaye wengine wangemwona amemaliza kazi ndiye aliyebeba nadharia.

Ila una pa kuvujia. Nyangumi wauaji nao wana majike yanayoacha kuzaa na kuongoza watoto na wajukuu. Alafu mwaka 2023 ukatoka utafiti wa sokwe wa Ngogo kule Kibale, Uganda, ukionyesha majike yanayoishi miaka mingi baada ya kukoma kuzaa. Kwahiyo kukoma hedhi peke yake sio alama ya binadamu tena.

Na onyo kwa wote mnaochagua kati ya hivi viwili: Wahadzabe sio mabaki ya zamani. Ni Watanzania wa leo, watoto wao wako shuleni, wanagombania ardhi yao na wafugaji na wakulima, wapo watu 1,000 na kidogo na historia yao ni ndefu sawasawa na ya mtu wa Kariakoo. Ukiandika "Wahadzabe wanaishi kama binadamu wa kwanza" umerudisha yaleyale ya 1906 kwa mlango wa nyuma. Andika kwamba maisha yao yanatusaidia kuona chakula cha porini kinapatikanaje na nani anakileta, basi.

Alama

Huu unasema binadamu ni yule anayekipa kitu maana ambayo haimo ndani ya kitu chenyewe, maana ya makubaliano. Leslie White wa Marekani alipenda mfano wa maji ya baraka, ukiyapima maabara ni maji tu, ila kuna watu wanayapigia magoti.

Ukiwa Dodoma huu una raha yake maana ushahidi uko barabarani. Panda gari la Kondoa, lami mpaka Kolo, ni kama kilomita 180, pale kuna ofisi ya mambo ya kale na michoro ya miambani iliyoingizwa urithi wa dunia na UNESCO mwaka 2006. Mary Leakey aliinakili mingi mwaka 1951. Twiga, tembo, watu warefu wembamba wenye vichwa vya ajabu, wekundu. Na kitu ambacho watu wanakipita haraka, Mungomi wa Kolo wenyeji wanafanya matambiko mpaka leo, kwahiyo sio makumbusho tu, maana inaendelea kutengenezwa. Pango la Kisese la huko huko Kondoa limetoa shanga za maganda ya mayai ya mbuni zenye umri wa zaidi ya miaka 40,000. Utafiti wa 2022 ulipima shanga za namna hiyo zaidi ya 1,500 kutoka maeneo 31 ya mashariki na kusini mwa Afrika ukakuta kwamba kati ya miaka 50,000 na 33,000 iliyopita watu wa pande hizo mbili walikuwa wanatengeneza shanga za kufanana sana, umbali wa maelfu ya kilomita. Ushanga hauliwi, haukukingi mvua, unamwambia mwenzio wewe ni nani.

Kwa wanyama unasimama vizuri. Kuna ndege wa Australia wanaopamba vibanda vyao kwa vitu vya rangi kuvutia jike, lakini hakuna makubaliano pale, hakuna anayeweza kuamua kwamba kuanzia kesho bluu ni msiba. Udhaifu wake ni muda: ukisema alama ndio mpaka, basi wale waliotembea Laetoli, kule Ngorongoro, kwa miguu miwili miaka milioni 3.6 iliyopita na wote waliofuata kwa mamilioni ya miaka unawaweka wapi? Alama za kuonekana ni za juzi tu. Na kichanga tena yuko nje.

Undugu

Nashangaa huu haupewi nafasi kwenye madarasa. Claude Lévi-Strauss mwaka 1949 alisema pale watu walipokataza kuoana ndani ya ukoo na kulazimika kwenda kwa wengine ndipo maumbile yalipogeuka kuwa utamaduni. Wakampinga kwamba wanyama wengi nao wanakwepa kuzaa na ndugu zao, na ni kweli. Bernard Chapais wa Canada akaja kuutengeneza upya akiwa ametumia maisha yake kuangalia nyani. Sokwe anamjua mama yake, anawajua ndugu zake wa tumbo moja. Lakini sokwe jike akibalehe anahamia kundi lingine na habari yake inaishia hapo, kwao hakuna anayemtembelea, kaka zake na yule dume aliyezaa naye hawana undugu wowote, wakikutana mpakani wanaweza kuuana. Binadamu anapoolewa anafungua mlango, kuna shemeji, mkwe, wifi, na watu wa makundi mawili wanakuwa na sababu ya kutopigana.

Yaani sokwe hana shemeji. Mi hii naiona ni kubwa sana.

Na kama unataka kuifanyia kazi huhitaji kwenda mbali. Peter Rigby aliishi na Wagogo mwanzoni mwa miaka ya 60 akaandika kwa kirefu jinsi ng'ombe wa mahari wanavyofunga watu, wanatoka kwa ndugu wengi wanaingia kwa ndugu wengi, kila mtu ana deni na kila mtu ana haki. Ukame ukipiga, ambao hapa kwetu hauishi, mtu ana pa kupeleka mifugo na pa kuomba mtama. Kaa na wazee Chamwino uwaulize nani alichangia ng'ombe wa harusi yao na nani alipata, utajaza madaftari. Mtoto mchanga naye anaingia kwenye mtandao huu kabla hajajua kukaa, ana jina, ana babu, ana watani wanaomdai.

Kujifunza kwa mwenzio

Huu ndio unaotamba sasa hivi, wa Michael Tomasello aliyekuwa Leipzig, Ujerumani. Anasema sokwe wana utamaduni, sawa, sokwe wa Mahale wanashikana mikono juu wakati wa kuchambuana manyoya na wale wa Gombe hawana mtindo huo, ziwa ni lile lile la Tanganyika. Ila wa kwao haupandi ngazi. Binadamu kizazi kimoja kinaanza pale kingine kilipoishia. Mwaka 2007 walipima watoto 105 wa miaka miwili na nusu, sokwe 106 na orangutani 32 kwa mitihani ile ile: kwenye mambo ya vitu, idadi na nafasi watoto na sokwe walikaribiana, kwenye kujifunza kwa kumwangalia mwenzio watoto wakawaacha mbali. Wakosoaji wanasema mtoto alipimwa na binadamu mwenzie wakati sokwe hakupimwa na sokwe mwenzie, hoja nzuri. Na 2024 tafiti mbili zilionyesha nyuki bambi na sokwe wakijifunza kwa wenzao kitu ambacho peke yao walishindwa kukigundua, kwahiyo mstari umeanza kufifia hapa pia.

Kuna na ndege mlembe, yule anayewaita watu akawapeleka kwenye asali. Wahadzabe wanamwita kwa mluzi, Wayao wa Niassa, Msumbiji, wanamwita kwa mlio mwingine kabisa wa kukoroma. Majaribio yaliyotoka 2023 yalionyesha walembe wa Uhadzabe wanaitikia mluzi wa Wahadzabe zaidi ya mara tatu kuliko sauti ya Wayao. Ndege wa porini, asiyefugwa, amejifunza mila ya watu wa eneo lake. Hii inawapa nguvu wale wanaosema tuache kutafuta mpaka kabisa, kuanzia Darwin mwaka 1871 aliyesema tofauti ni ya kiwango sio ya aina. Nawaheshimu, ila kwa mtu anayetakiwa kuandika kurasa kumi "hakuna mpaka" inaishia kumnyima cha kuandika.

Sasa nani achukue nini

Kama ni asaimenti ya wiki moja na vitabu ni vichache chukua lugha, ina ushahidi mwingi na ni rahisi kuipangia hoja, ila ujibu swali la lugha ya alama na la kichanga kabla hujaulizwa. Guide wa Kolo, chukua alama, usihangaike na mingine, na shanga za Kisese zitaje maana wageni wengi hawajawahi kuzisikia. Zana iache kwenye utangulizi kama historia. Moto uchukue kama unapenda biolojia na unaweza kuvumilia lile pengo.

Kwa anayeandika propozo ya utafiti na yuko kanda ya kati, mimi nakushauri kwa moyo wote uoanishe bibi na undugu. Zana, lugha na moto zinamuuliza mtu mmoja unaweza nini, na kila zikiuliza hivyo ama anatokea mnyama anayeweza ama anatokea binadamu asiyeweza. Hizi mbili zinauliza nani anakuhesabu kuwa wa kwake. Na ukizioanisha ule utafiti wa Ngogo unaacha kuwa tishio: sokwe jike mzee wa Ngogo ameacha kuzaa, yuko hai, ana nguvu, lakini mabinti zake walihamia makundi mengine siku nyingi na hawajuani na watoto wao. Umri wa bibi anao, mjukuu wa kumbebea kwa binti yake hana. Kwahiyo cha kuuliza Bahi au Chemba ni undugu upi hasa unaomfikisha bibi kwa mjukuu, wa upande wa mama au wa baba, na mahari ikishalipwa nani anakuwa na haki ya kumlea huyo mtoto, hapo una sura nzima ya pili na maswali ya dodoso tayari.